Jitu la Saba

Mugunga, Goma, tarehe 9 mwezi wa tatu 2025

Papa Kamate,

Jambo sana huko Kampala. Sisi tuko. Hiyo ndiyo habari yote ya Goma: tuko. Simu yangu waliniibia mwezi wa kwanza, vita vilipoingia mjini, na hata ningekuwa nayo nisingependa masikio ya watu ndani ya maneno yetu. Ndiyo maana nakuandikia kwa mkono kama zamani. Anayekuletea barua hii ni mdogo wako Magloire mwenyewe, na lori lake. Amekula kwangu sahani mbili za bugali na bado ananiambia ameshiba nusu!

Chumba chetu cha kusoma kiliporwa chote. Viti, rafu, mpaka misumari ya ukutani. Vitabu walivimwaga barabarani, na wiki mbili nzima mama wauza mandazi walitufungia mandazi kwa kurasa zetu wenyewe. Siku moja nilinunua matatu nikasoma nusu ya hadithi. Nilicheka, halafu nikalia palepale mbele ya watu.

Aliyezuia nyumba yenyewe isichomwe ni sentineli wetu, mlinzi wa mlango, muzee Baharanyi. Wewe humjui. Ni mutu mrefu, akiingia anainama, tumbo liko mbele yake siku zote. Alisimama mlangoni na beleshi. Walimpiga kitako cha bunduki mdomoni, meno matatu yakatoka, hakusogea hata hatua. Watoto wanampenda kuliko mimi, na wana haki, maana mimi nawapigia makelele.

Sasa watoto. Ninao arobaini na mmoja. Mwezi wa kwanza maiti zilikaa barabarani siku tano na wao waliziruka kwenda kuchota maji. Siku hizi wanacheza mchezo wa kuzika. Mmoja analala, wengine wanamfunika turubai, na akicheka ameshindwa. Yuko binti mmoja, Élodie, wa miaka tisa. Baba yake alikatwa mapanga mbele yake njia ya Sake. Huyo ndiye anayezika vizuri kuliko wote. Anawapanga wenzake kwa urefu, anawafunga vidole gumba vya miguu.

Nataka vitabu, Papa Kamate. Vya hesabu wanavyo. Nataka vya kubuni, vya nchi ambazo hazipo, vya kumtoa mutoto hapa hata nusu saa. Lakini nisikilize vizuri: sitaki bunduki, sitaki damu, sitaki mla watu, sitaki mama anayekufa ukurasa wa kwanza. Damu wameiona ya bure. Sitawatafutia nyingine.

Tulipofundisha pamoja Kiwanja, wewe ndiye uliyekuwa na jicho la kuchagua. Biashara haijakuharibu jicho hilo, natumaini. Chagua.

Ni mimi,
Domitille

*

Kampala, tarehe 27 mwezi wa tatu 2025

Mwalimu Domi,

Pole. Pole kwa rafu, pole kwa meno ya muzee Baharanyi, pole kwa watoto. Nilisoma barua yako dukani katikati ya vitenge, wateja wakadhani nimefiwa.

Lakini wewe nawe! Nimezunguka mji huu na masharti yako mkononi. Nikamwambia muuzaji, nipe hadithi ya watoto isiyo na damu, isiyo na silaha, isiyo na mla watu, na mama asife. Akafikiri sana, akanipa kitabu cha kupika keki. Ukweli wa Mungu.

Basi nimechagua kwa akili yangu. Unakumbuka maktaba yetu ya Kiwanja, ambako mchwa walikula majalada yote, tukawa hatujui kitabu kinaitwaje, tukaviita kwa jina la aliye ndani? «Mlete Simba.» «Nani amelala na Malkia?» Directeur alitaka kutufukuza kazi. Mimi bado ninaviita hivyo, ulimi umezoea. Kwa hiyo wapokee hawa saba: Simba Mwekundu, Mamba Mweupe, Malkia wa Nyuki, Kapteni Upepo, Bibi wa Chini ya Ziwa, Sungura Daktari (huyo ni kwa ajili yako, hana hata tone la damu, anakula kabichi), na wa saba, mkubwa wao, Jitu Tumbo-Pipa.

Najua utapiga kelele. Ndiyo, Jitu anakula watu. Anakula kijiji kizima. Niliketi chini kwenye duka la vitabu nikamsoma mwanzo hadi mwisho, mimi muzee wa miaka hamsini na mbili, nikatoka jasho. Lakini nakuambia hivi, Domi: mutoto aliyeona jitu la kweli, ukimsomea sungura wa kabichi tu, atakudharau moyoni. Atajua unamdanganya. Mpe Jitu. Sharti langu mimi ni moja: usimkatie katikati. Msome mpaka ukurasa wa mwisho. Akikatwa katikati ni sumu, akifika mwisho ndiye dawa.

Kilikuwa kimebaki kimoja tu dukani. Kitunze.

Rafiki yako wa chaki,
Kamate

*

Mugunga, tarehe 12 mwezi wa nne 2025

Papa Kamate,

Saba wote wamefika salama. Wiki iliyopita walivuka barieri zote za barabarani bila mutu kuwagusa, nikawapokea usiku, nikawaingiza ndani. Toka kesho yake watoto wanajipanga mlangoni wakiwataka.

Simba Mwekundu ameshikwa na wavulana wakubwa, hawamwachii. Kapteni Upepo ameumia mgongo vibaya, nimemshona kwa uzi, kesho anarudi kazini. Malkia wa Nyuki anazunguka nyumba kwa nyumba, kila siku analala kwa mutu mwingine. Mamba Mweupe alikwenda ziwani Kituku na binti wa muuza samaki, amerudi ananuka vile visamaki vya sambaza. Bibi wa Chini ya Ziwa anawafundisha wadogo. Hata Sungura Daktari ana watu wake, usimcheke.

Na Jitu! Ulikuwa na haki, nakubali. Ndiye anayetisha kuliko wote na ndiye wanayemtaka kuliko wote. Yeye simweki pamoja na wenzake. Nimemficha kwangu, namtoa siku ya kazi tu.

Ukipata wengine walio tayari, niletee. Hata ishirini nitapokea, nafasi ipo.

Magloire anaondoka sasa hivi, lori linawaka, nakimbiza kalamu. Anapanda kwanza Kiwanja kupakia maharagwe, halafu Bunagana, halafu kwako.

Domitille

*

Kampala, tarehe 20 mwezi wa nne 2025

Domi,

Magloire amekamatwa.

Mwenzake wa barabarani, Jean-Bosco, alikuwa nyuma yake kwenye foleni, ameona yote kwa macho. Ilikuwa tarehe 14, barieri ya kutokea Kiwanja. Walipekua lori, hawakuona kitu. Walipekua mifuko yake, wakatoa barua yako. Kijana mmoja akaisoma kwa sauti. Alipofika kwenye «saba wote wamefika salama» wakamtandika Magloire chini. «Simba Mwekundu ni nani? Kapteni Upepo ameumia vita gani? Hao ishirini walio tayari wako wapi?» Magloire akacheka, maskini. Alisema: ni vitabu vya watoto. Wakamvunja mkono wa kulia palepale, juu ya tairi, kwa nyundo ya lori lake mwenyewe. Jean-Bosco anasema sauti ya mfupa aliisikia kutoka garini kwake. Halafu walimfunga macho, wakamteremsha Goma. Inasemekana yuko kwenye depo moja ya sementi, chini ya komanda fulani.

Ni mudogo wangu, Domi. Mama alipokufa alikuwa na miaka minne, nilimbeba mgongoni mpaka shuleni.

Barua yako sijaiona, wanayo wao. Lakini Mungu hajatuacha, maana jambo hili ni rahisi. Vitabu unavyo. Saba. Vibebe vyote saba, nenda na padri wa parokia, viweke mezani kwa huyo komanda, jina kwa jina: huyu Simba, huyu Mamba, huyu Malkia. Atacheka, atamwachia. Nenda leo. Barua hii Jean-Bosco ameishona ndani ya kofia yake.

Kamate

*

Mugunga, tarehe 26 mwezi wa nne 2025

Papa Kamate,

Naandika nimesimama, kukaa siwezi. Nitakuambia kwa nini, na nitakuambia jambo lingine, na baada ya hapo utanichukia.

Hata sikungoja kofia ya Jean-Bosco. Jina langu lilikuwa chini ya barua, walinifuata tarehe 16. Padri alipanda nyuma ya jeep yao bila kualikwa, na bila yeye nisingerudi. Nilibeba vitabu ndani ya kitenge. Komanda ni kijana, ana miwani, anajua kusoma vizuri sana. Aliviweka mezani kimoja kimoja na barua pembeni. Simba, ndiyo. Mamba, ndiyo. Alipoona Kapteni Upepo ameshonwa mgongo kwa uzi mweusi alitabasamu kabisa, nikaanza kumshukuru Mungu. Halafu akahesabu.

«Sita,» akasema. «Barua inasema saba. Yule anayetisha kuliko wote, uliyemficha kwako. Jitu yuko wapi?»

Papa Kamate, Jitu nilimchoma.

Katika barua ile ambayo hukuiona nilikudanganya: niliandika kwamba watoto wanampenda na nimemficha kwangu. Siku niliyomsoma, nilifika pale anapomeza askari wa mfalme, wote, na mikuki yao na kofia zao, na mifupa inalia mdomoni. Élodie akasimama. Mkojo ukamtiririka miguuni, akapiga yowe ambalo sijawahi kusikia kwa mutoto. Nikafunga kitabu. Jioni nikakiweka kwenye makaa ya mbabula chini ya sufuria ya maharagwe, na niliona raha, nakuambia ukweli, kila ukurasa ulipojikunja. Kesho yake watoto walinishangaza. Walikuwa wanamwita muzee Baharanyi «Jitu», na Élodie ndiye aliyempa jina hilo. Wakiita «Jitu, toka!» yeye anatokea nyuma ya nyumba, mikono juu, ananguruma na lile tumbo lake, wanakimbia mpaka wanaanguka kwa kicheko. Élodie hakimbii. Anasimama anamtazama tu. Wameacha mchezo wa kuzika. Nikajua nimekosea, na kitabu kilikuwa majivu. Nikaona haya kukuandikia. Wewe ulisema kitunze.

Nilimwambia komanda: nimekichoma. Akacheka na watu wake. «Mwalimu anachoma kitabu? Mwalimu?» Walinilaza kwenye mifuko ya sementi, fimbo kumi na tano, padri amesimama mlangoni anasali kwa sauti. Nilipolala pale nilimsikia Magloire nyuma ya ukuta. Yuko hai. Anaulizwa Jitu yuko wapi na anapigwa, anaulizwa tena na anapigwa tena. Komanda alinirudishia wale sita, akasema: «Wa saba akipatikana, dereva anakwenda nyumbani.»

Tafuta kingine. Nisamehe baadaye kama utaweza, sasa tafuta.

Domitille

*

Kampala, tarehe 3 mwezi wa tano 2025

Madame Domitille,

Nimepokea shati la Magloire. Mutu asiyejulikana aliliacha dukani limefungwa ndani ya mfuko wa sementi. Limekauka, haliwezi kukunjuliwa. Ndani ya mfuko wa kifuani kuna kucha mbili.

Wewe uliogopa damu ya karatasi. Sasa tazama.

Nilikuambia usikate katikati, ukakata. Nilikuambia kitunze, ukapikia maharagwe. Halafu ukaniandikia kwa mkono wako kwamba Jitu anapendwa na umemficha kwako, uongo wa adabu, uongo wa mwalimu wa heshima, na mudogo wangu ameubeba mfukoni mpaka mbele ya nyundo. Ungesema tu «nimekichoma», ningekutukana kidogo na yangekwisha.

Hapa kitabu hakuna. Napanda basi ya Nairobi leo. Nikikosa Nairobi nitashuka Dar. Sitakuandikia mpaka nikishike mkononi.

Kamate Lévi

*

Mugunga, tarehe 11 mwezi wa tano 2025

Papa Kamate,

Umeniambia ukweli. Nakuandikia ili ujue sijakaa bure.

Watoto wamekiandika upya. Niliwaomba wanisaidie kukumbuka, wakaniacha mdomo wazi: wanakumbuka kila neno nililosoma, kila mkuki, kila mfupa, hata mahali nilipokohoa. Tulijaza daftari nzima na picha zake. Jitu wao ana sura ya Baharanyi mpaka mapengo ya meno. Tuliishia pale nilipofunga kitabu, maana mbele ya hapo hakuna anayejua isipokuwa mimi, na mimi nilikisoma mara moja tu, haraka, kwa hasira.

Nilikipeleka ijumaa. Komanda alipaka mate kidoleni, akafuta neno la kwanza, likatoka. «Wino mbichi,» akasema. Akalichana daftari mara mbili. Hakunipiga. Aliniambia kwa upole: «Usisumbuke, Mama. Jitu tutamtafuta wenyewe.» Upole wake ndio unaoniogopesha.

Magloire nimemwona kwa mbali, anakokotwa kwenda chooni. Alinitambua. Alijaribu kuinua mkono, ule mwingine.

Jana na leo vijana wake wanapita avenue yetu wakiulizauliza watu. Nafikiri wananichunguza mimi, nani ananitembelea. Nimewaambia wazazi wasiniongeleshe barabarani. Fanya haraka.

Domitille

*

Kampala, tarehe 19 mwezi wa tano 2025

Domi, Domi wangu,

Amefika! Magloire amefika! Jana jioni Jean-Bosco aliingia na lori mpaka mlangoni, akafungua mlango, na mudogo wangu alikuwa amekaa pale ndani ya blanketi. Nilimbeba mgongoni mpaka kitandani kama zamani, hana hata kilo hamsini. Mkono wa kulia umeunga vibaya, watauvunja tena hospitali. Kucha hana. Sikio la kushoto halisikii. Lakini usiku ameomba bugali, akala, akaomba tena. Wake zetu wamelia mpaka majirani wakaja.

Anasema ilikuwa tarehe 13, saa sita mchana. Alisikia jeep inarudi, watu wanaongea kwa furaha. Komanda akafungua mlango mwenyewe, akamwambia: «Tumempata Jitu wenu. Nenda nyumbani.» Hivyo tu! Akampa hata maji.

Ulimpata wapi, wewe mwanamke? Kumbe hukumchoma mzima? Au kulikuwa na kingine Goma, kwa watawa, kwa mutu? Mimi nilikuwa Nairobi nachambua maduka, nimekipata tarehe 12, nakumbatia kitabu ndani ya basi kama mwizi, kumbe wewe umeshamaliza kazi! Nilikuandikia maneno mabaya. Nayafuta yote. Kama ungekuwa hapa ningepiga magoti mbele ya wateja. Umemrudisha mudogo wangu na mgongo wako umeulipia.

Kitabu cha Nairobi nakutumia hata hivyo. Sasa utakuwa na Majitu mawili, wagawane watoto! Wasomee mpaka mwisho safari hii, nakuomba.

Ndugu yako,
Kamate

*

Mugunga, tarehe 30 mwezi wa tano 2025

Papa Kamate,

Nimefurahi kwa Magloire. Nimefurahi kweli, mwambie. Lakini usinishukuru, na usiniite Domi wako mpaka umalize kusoma.

Tarehe 13, saa nne na nusu, watoto walikuwa nje kwa mapumziko. Mimi nilikuwa ndani namshona tena Kapteni Upepo. Jeep ilisimama barabarani, wakashuka watano. Mmoja alikuwa na pakiti ya biskuti. Niliwasikia wakiuliza kwa sauti ya kucheza: «Batoto, nani kati yenu anamujua Jitu?»

Watoto wote walitazama biskuti. Kisha Élodie akatoka mbele. Nilimwona dirishani. Hakuchukua biskuti. Alimshika askari mkono, akasema: «Mimi namujua. Kuja, nitakuonyesha.» Nilitupa sindano nikakimbia. Nilikuwa sijafika mlangoni alipoita, kwa nguvu zake zote: «Jitu, toka!»

Na Baharanyi akatoka, Papa Kamate. Alitoka nyuma ya nyumba kama kila siku, mikono juu, mdomo wazi, ananguruma.

Walimpiga risasi nyingi, sikuzihesabu, watoto wanasema kumi na moja. Ya kwanza ilimpata tumboni. Hakuanguka mara moja, alipiga hatua mbili tatu kuelekea kwa watoto, nafikiri alitaka kuwafunika, nao wakafikiri anawashambulia. Utumbo wake ulitoka juu ya yale mawe meusi ya volkano mbele ya watoto arobaini na mmoja. Nilijitupa juu yake, nikapiga kelele kwamba ni sentineli, ni sentineli tu. Mmoja akanisukuma kwa kiatu. «Batoto wenyewe bamesema,» akanijibu. Mfukoni mwa Baharanyi walikuta rozari na ufunguo wa choo. Wakapiga picha ya maiti, wakaenda. Saa sita komanda alimfungulia Magloire mlango.

Hivyo ndivyo Jitu alivyopatikana.

Tulimzika nyuma ya chumba cha kusoma. Watoto walileta lile turubai lao, wakamfunika vizuri, wanajua kazi hiyo. Hakuna aliyecheka.

Kitabu chako kilifika tarehe 24. Nilitaka kukificha tena, mkono wangu ulishaanza kukipeleka chini ya godoro. Élodie alikuwa mlangoni. Toka siku ile hakulia hata mara moja, na alikuwa hamsemeshi mutu. Akaona jalada. «Soma,» akasema.

Niliwakusanya wote nikasoma. Nilisoma mifupa yote, sikuruka hata mmoja. Nilipofika kwa askari wa mfalme nilimtazama, alikuwa ametulia tu, ananingoja. Nikasoma mbele, kule ambako hawajawahi kufika: yule binti anaingia mdomoni na kisu cha jikoni cha mama yake, anapasua tumbo kutoka ndani, watu wanatoka mmoja mmoja, mama yake anatoka, mbuzi wanatoka, na Jitu anaanguka, anakufa. Nikafunga kitabu. Wengine walikuwa wanapiga makofi.

Élodie akaniuliza: «Jitu anakufaka?»

Nikamwambia ndiyo.

«Wewe ulijuaka?»

Nikamwambia ndiyo, nilijua.

Akafikiri. Akasema: «Mimi sikujua, Mwalimu. Uliishia pale anakula baaskari. Nilifikiri Jitu hawezi kufa. Niliwapeleka ili awakule.»

Halafu akalia, Papa Kamate, alilia mpaka jua likazama, na mimi nilikaa naye chini nikimshika.

Asubuhi yake alirudi. Anataka nisome tena, toka ukurasa wa kwanza. Nimesoma kila siku, leo ni mara ya sita. Tuma vingine ukipata, vyovyote utakavyochagua, sina masharti tena. Ila andika majina ya vitabu kamili, pamoja na neno kitabu mbele yake.

Msalimie Magloire. Usimwambie habari ya Baharanyi mpaka mkono upone.

Domitille